Kikombe cha Bibi Atuganile

Bisha. Nakwambia bisha sasa hivi, mapema, maana nikishaanza hutapata nafasi. Mwaka jana jamaa mmoja wa Mbeya mjini, msomi, digrii mbili na miwani, alinicheka pale Msasani yetu ya huku Rungwe, si ile ya pwani, kwenye kibanda cha chipsi. Nilipofika katikati ya habari hii chipsi zake zilikuwa zimepoa. Nilipomaliza akaniomba nimsindikize mpaka gesti, na gesti yenyewe tulikuwa tunaiona taa yake. Mimi Ackson, niliyeacha shule kidato cha pili kwa hiari yangu (walimu wanasema vingine, waache waseme), nikamshika msomi mkono kama mtoto wa chekechea. Kwa hiyo bisha tu. Wenye akili kuliko wewe wameshabisha, na leo wanalala taa ikiwaka.

Habari yenyewe ni ya mjomba wangu Anyitike, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, mkazi wa Nkunga. Mjomba ana migomba, ana chai kidogo, ana mke anaitwa Winfrida na mtoto wa kiume mmoja, Gidion, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Nitayasema kama alivyonisimulia yeye, na alinisimulia kila kitu, maana mimi ni mtu wa kuaminika.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa nne, siku ya kawaida kabisa. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na ukungu ulikuwa unapanda Mlima Rungwe polepole. Mjomba, Winfrida na majirani wawili watatu walikuwa wanachuma chai. Gidion alikuwa amelazwa juu ya viroba vitupu pembeni mwa shamba, chini ya mgomba, saa nne asubuhi, anakoroma.

Na si kukoroma kwa mtoto. Gidion alikoroma kama lori la mbao linalopanda mlima na gia imegoma. Wachumaji walikuwa wanacheka.

"Anyitike, umefuga trekta?"

"Huyo dume," mjomba akajibu, kifua mbele. "Sikieni injini. Nyie wenu wanalala kama vifaranga."

Alikuwa anajivunia. Kumbuka hilo.

Ndipo akapita Bibi Atuganile. Alikuwa jirani, mjane, nyumba yake iko hatua mia kutoka kwa mjomba, na mkononi alikuwa na kikombe chake cha bati, cheupe, ukingo wa bluu uliobanduka. Hakuwa anaachana na kile kikombe. Zamani alikuwa mhudumu wa wodi ya watoto, miaka ishirini na nane, zamu za usiku, na nadhani huko ndiko alikozoea kutembea na chai yake.

"Ugonile, Mama Gidion?" Ndiyo salamu yetu ya Kinyakyusa. Inauliza kama umelala.

"Ndaga, bibi."

Bibi hakuendelea na safari. Alisimama juu ya mtoto, akasikiliza. Koroma, koroma, koroma. Halafu kimya. Kifua cha Gidion kikawa kinahangaika juu chini na hakuna hewa inayopita. Bibi akaanza kugonga kikombe kwa ukucha. Ti. Ti. Ti. Taratibu, kama saa ya ukutani. Alipofika kumi na moja, mtoto akashtuka mwili mzima, akavuta hewa kwa kelele, kama mtu aliyetolewa majini. Kisha akaendelea kukoroma.

"Kumi na moja," bibi akasema. "Usiku anafika ngapi?"

"Sijawahi kuhesabu, bibi. Anakoroma tu."

Bibi akachuchumaa, akashusha sauti. "Analala shingo kaitupa nyuma, mdomo wazi. Mto unalowa jasho hata kukiwa na baridi. Kitandani anakojoa, mmempiga na hajaacha. Asubuhi kichwa kinamuuma, na mwalimu amewaita kuwaambia anasinzia darasani. Nakosea?"

Winfrida akaacha kuchuma. Bibi hakuwa amekosea hata moja.

"Ntoto huyu anaziba pumzi," bibi akasema. Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa ndani yake. "Ana nyama nyuma ya pua, na mafindofindo yamekua. Mpeleke hospitali. Usiwaambie anakoroma, watakupa dawa ya mafua. Waambie anaacha kupumua usingizini. Waambie hivyo hivyo. Na mpaka siku hiyo, nlaze ubavu, si chali."

Akaenda zake na kikombe chake.

Jioni Winfrida akamweleza mumewe wakiwa mezani. Maneno yote, mpaka la kikojozi. Mjomba alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani.

"Alijuaje?"

"Amefanya kazi wodini, Baba Gidion."

"Wodini alimuona Gidion? Shingo. Jasho la mto. Mvua ya kitandani. Mlango wa nyumba yangu nafunga mwenyewe kwa komeo. Nani alimfungulia?"

Usimcheke mjomba. Huku kwetu, mtoto akikabwa usingizini tunajua kuna aliyemkalia kifuani. Na anayeweza kukwambia yanayotokea ndani ya chumba kilichofungwa ni yule aliyekuwemo. Bibi wa watu alikuja kutoa msaada, na kadiri alivyousema ugonjwa kwa usahihi ndivyo alivyojifunga kamba mwenyewe. Angekosea kitu kimoja tu, angekuwa hai.

Pengine yangeishia hapo, mjomba kununa wiki moja kisha kusahau. Lakini kuna kijana mmoja wa pale kijijini, jina silitaji, alimwambia mjomba kwamba usiku wa Ijumaa, kuamkia Jumamosi ile, alimuona Bibi Atuganile amesimama nje ya dirisha la Gidion, ameinamisha kichwa, anagonga kikombe.

Hilo likatosha.

Kikao kiliitwa Jumatano, mbele ya nyumba ya mzee Ambindwile. Kwetu kuna desturi ya zamani, na wazee bado wanaishika ingawa Jumapili wote wako kanisani. Kinyongo cha mtu aliyekosewa kinaweza kumshukia mtoto wa mkosaji kama ubaridi, kikamuumiza. Kwa hiyo mwenye kinyongo anakalishwa, anasema yote yaliyo tumboni, kisha anachukua maji mdomoni na kuyapuliza chini. Yakitoka maji, kinyongo kimetoka. Mtoto anapona.

Wakamjazia bibi maji kwenye kikombe chake mwenyewe.

"Sema, Atuganile," mzee Ambindwile akamwambia. "Anyitike alikukosea nini? Sema upulize, mtoto alale."

Bibi akakipokea kikombe. Akawatazama mmoja mmoja. Akamtazama na yule kijana wa dirisha kwa muda mrefu, hakumwambia kitu.

"Kinyongo sikuwa nacho," akasema. "Mmenipa leo. Mnataka nikipulize hata hakijapoa?"

"Puliza, bibi!" mjomba akafoka. "Unaniulia mtoto!"

Bibi akainuka. Akakiweka kikombe chini, miguuni pa mjomba, kimejaa hadi ukingoni, tone halikumwagika.

"Hiki nakuachia wewe, tata," akasema, yaani baba kwa lugha yetu. "Siku ukijua pumzi ni nini, utaniletea."

Jioni ileile vijana wakapanda juu ya nyumba yake wakang'oa mabati. Mvua ikarudi usiku. Bibi Atuganile, miaka sabini na kitu, alitembea kwa miguu mpaka Msasani kwa mpwa wake Prisca, kafika kalowa mpaka mifupa. Homa ya mapafu ikamshika. Siku ya tisa akafariki.

Prisca akamrudisha Nkunga kuzikwa kwenye shamba lake, pembeni ya nyumba isiyo na paa. Huku kwetu kukosa msiba wa jirani ni jambo zito, watu wanaweza kugombana miaka kumi na bado wakachimbiana kaburi. Mjomba hakwenda. Alibeba kikapu akaenda kuchuma chai peke yake, ili waone. Winfrida alikwenda kwa siri na Gidion, akakaa na wanawake kwenye mkeka. Na Gidion, kama kawaida yake, akasinzia pale pale, kichwa karibu kabisa na jeneza.

Saa saba mchana. Jua limetoka. Mjomba anasikia nyimbo za maziko kutoka ng'ambo ya bonde. Anachuma. Jani, jani, kiganja kimejaa, kikapuni.

Akataka kuvuta pumzi.

Haikuja.

Kifua kilipanda, kikashuka, hakuna kilichoingia. Alifungua mdomo. Alishika koo. Hakukuwa na mkono, hakukuwa na kamba, palikuwa na ukuta tu mahali ambapo hewa ilipaswa kupita. Akapiga magoti kati ya mistari ya chai. Macho yakaanza giza. Na pale, karibu na sikio lake la kushoto, akasikia.

Ti.

Ti.

Ti.

Ilipofika kumi na moja, hewa iliingia yote kwa mara moja, kwa kelele, kama mtu aliyetolewa majini. Ng'ambo ya bonde, kwenye mkeka wa waombolezaji, Gidion alikuwa ameshtuka.

Mjomba alijiambia ni uchovu. Alijiambia ni kifua cha baridi. Kile kikombe alikuwa ameshakitupa kwenye shimo la choo siku ileile ya kikao, kwa hiyo sauti ya kikombe haikuwezekana. Akala, akalala.

Nyumba ya mjomba ina vyumba viwili na ukuta wa tofali kati yake. Gidion alikoroma upande wa pili. Koroma. Koroma. Kimya.

Koo la mjomba likafunga.

Ti. Ti. Ti. Kutoka chumba cha mtoto.

Alihesabu bila kutaka. Kumi na nne. Mtoto akashtuka, naye akapata hewa. Dakika tatu, kimya tena. Koo likafunga tena. Aliamka, akawasha tochi ya simu, akaingia kwa mtoto akitweta. Gidion amelala chali, shingo kaitupa nyuma. Mlango umefungwa kwa komeo. Hakuna mtu.

Dirishani, upande wa ndani, kikombe cha bati. Kisafi. Kimejaa maji.

Usiku ule, mpaka kunakucha, mjomba aliacha kupumua mara mia na zaidi. Asubuhi kichwa kilimuuma vibaya sana. Akakaa kitandani amekishika, na Gidion akaja akasimama mlangoni, naye amekishika chake.

"Baba, na wewe?" mtoto akauliza.

Ndiyo mara ya kwanza mjomba kufikiria kwamba kila asubuhi, miaka miwili, mtoto huyu alikuwa anaamka hivi. Na yeye alikuwa anampiga kwa kukojoa.

Ungedhani angekimbilia hospitali. Hapana. Mjomba ni mbishi kuliko wewe. Alikimbilia kwa mganga, mbali kidogo, sitasema wapi maana yule mzee bado yuko na mimi napita njia ile. Mganga akasema bibi ana hasira, afukizwe. Akatoa dawa ya kuchomwa chumbani kwa mtoto, na hirizi nzito ya ngozi ya kumfunga shingoni. Tena akasisitiza: mtoto alale chali, hirizi ikae juu ya koo.

Chumba kikajaa moshi. Pua ya Gidion ikavimba, ikaziba kabisa. Hirizi ikamkalia kooni. Winfrida alisema, "Baba Gidion, bibi alisema ubavu." Mjomba akamwambia nyamaza.

Saa nane usiku. Koroma. Koroma.

Kimya.

Ti. Ti. Ti.

Kumi na moja ikapita. Kumi na nne ikapita. Mjomba alikuwa ameanguka chini ya kitanda. Ishirini. Alitaka kumwita mkewe, lakini ili uite unahitaji hewa. Ishirini na tatu. Akapiga ukuta kwa kisigino. Winfrida hajaamka. Akapiga tena. Mguu ulikuwa unamtoka, haumsikii tena. Ishirini na saba. Sauti haikuwa na haraka. Sauti ilikuwa na miaka ishirini na nane ya zamu za usiku. Iligonga kwa utulivu uleule, kama inangoja kuona nani atamgeuza mtoto.

Ishirini na tisa.

Winfrida akaamka. Alimuona mumewe sakafuni, midomo ya bluu. Hakumshika. Namsifu sana shangazi kwa hilo, mke wa mjomba kwangu ni shangazi na atabaki shangazi. Alimruka, akakimbilia kwa mtoto, akaikata hirizi kwa meno, akamgeuza Gidion ubavu.

Thelathini na moja.

Wakavuta hewa pamoja. Baba chumba hiki, mtoto chumba kile, sekunde moja, kelele moja.

Winfrida alisimama mlangoni na mtoto begani. Alikuwa ameelewa.

"Kesho nampeleka Makandana hospitali," akasema.

"Mama Gidion, mganga..."

"Ukinizuia, kesho usiku nitalala usingizi mzito. Utamgeuza wewe. Kama utaweza."



Walikwenda asubuhi. Usiku ule uliobaki Winfrida alikuwa amemrekodi mtoto kwa simu. Daktari alikuwa binti mdogo, Dokta Tulia, na Winfrida akamwambia maneno yaleyale: mtoto wangu anaacha kupumua usingizini. Dokta akaweka kalamu chini. Akatazama video mara mbili. Halafu akaanza kuuliza.

"Analala shingo ameitupa nyuma? Mdomo wazi? Anatoka jasho sana? Anakojoa kitandani? Asubuhi kichwa kinamuuma? Shuleni anasinzia, au siku nyingine anakuwa mtukutu, hatulii?"

Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi. Akainuka.

"Dokta," akasema. "Umejuaje? Hujawahi kufika kwangu."

Dokta Tulia akamtazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza kwa nini mvua inalowesha. "Nimejuaje vipi, baba? Watoto wenye shida hii ndivyo walivyo. Yeyote aliyewahi kukaa nao usiku anajua. Hakuna aliyewaambia?"



Akamulika koo. Mafindofindo yalikuwa yamekaribia kugusana, kama ndulele mbili zimewekwa kooni. Akawaandikia barua ya kwenda Mbeya kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huko wakapiga picha, wakaona nyama nyuma ya pua imeziba njia. Wakaambiwa kwamba mtoto akiachwa hivyo anadumaa, darasani anakuwa wa mwisho, na moyo wenyewe unachoka. Si sifa, wala si udume. Wakapewa tarehe ya upasuaji, na mpaka tarehe hiyo ifike walimlaza Gidion ubavu, mto wa nguo mgongoni asigeuke, wakapokezana zamu. Mjomba alikaa zamu nyingi zaidi. Alikuwa na sababu zake.

Upasuaji ukaenda salama. Wiki chache baadaye Gidion alikuwa analala kimya kiasi kwamba Winfrida aliweka mkono puani kwake mara tano kwa usiku, kuhakikisha. Kitanda kikavu. Mwalimu akasema mtoto amebadilishwa, kwanza sasa anapiga kelele darasani, tena kelele nyingi.

Usiku wa siku hiyo mjomba akalala kama mfalme.

Ti.

Akafumbua macho. Upande wa pili wa ukuta mtoto anapumua vizuri, taratibu, unamsikia. Ni mtoto aliyeponywa.

Ti. Ti.

Koo la mjomba lilikuwa limefunga. Peke yake.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba kumponya mtoto lilikuwa deni la mtoto. Lake yeye lilikuwa bado. Usiku baada ya usiku, likaongezeka. Akawa analala ameketi kwenye kiti. Akakonda. Na aliyekuwa anamuamsha ni Gidion, miaka sita, anakuja na miguu mitupu kwenye saruji baridi, anamtikisa: "Baba. Baba. Umeacha tena."

Alikwenda kwa mzee Ambindwile, akakuta mzee naye macho yamemwiva.

"Mwenye kosa hawezi kupuliza," mzee akamwambia. "Anayepuliza ni mwenye kinyongo. Na mwenye kinyongo tumemzika. Wewe hukuwepo."

"Nifanye nini, tata?"

"Alikwambia. Alisema utampelekea."

Mjomba akarudi nyumbani, akakichukua kikombe dirishani, kimejaa, akatembea nacho alfajiri mpaka kaburini. Akapiga magoti kwenye udongo mwekundu, karibu na ile nyumba isiyo na paa. Akasema yote, kwa Kinyakyusa, kwa sauti. Nilimpiga mtoto. Nilikufukuza. Nilikosa msiba wako. Niliambiwa ulionekana dirishani, nikaamini, sikuuliza. Sasa najua pumzi ni nini.

Akaacha kikombe juu ya kaburi, akaondoka bila kugeuka.

Kesho yake wakaenda yeye na Winfrida. Kikombe hakikuwepo. Hakukuwa na mvua usiku ule, majani ya migomba yalikuwa makavu. Lakini udongo mbele ya kaburi ulikuwa umelowa, matone madogo madogo, yametawanyika kama upepeo. Kama maji yanavyotawanyika mtu akiyapuliza kwa mdomo.

Usiku huo mjomba alilala. Mpaka leo analala. Ukienda Nkunga utamkuta, mnene, na ukimwambia mtoto wako anakoroma atakushika shati mpaka umpeleke hospitali.

Hapa ndipo huwa namalizia, watu wanashusha pumzi, mtu ananinunulia soda. Yule msomi wa Mbeya nilimmalizia hapa hapa.

Lakini kuna sehemu niliyoiruka.

Yule kijana wa dirisha ni mimi.

Sikumuona bibi dirishani. Hakuna usiku niliomuona. Ijumaa ile nilikuwa juu ya mparachichi wake, na kiroba, naiba. Akatoka nyumbani na kikombe chake, akaniona, hakupiga kelele. Alisema, "Shuka taratibu, njukuu wangu, hilo tawi limeoza." Basi. Alinishikia na kiroba nikashuka. Akasema atamwambia mama. Mimi, Ackson, nishitakiwe kwa mama kama mtoto! Kesho yake jioni nikamsikia mjomba anauliza alijuaje, nikaona nafasi. Sentensi moja tu. Hata sikuifikiria.

Na mabati, mimi ndiye niliyepanda kwanza. Mawili nimeezekea chumba changu.

Ikupa, mwanamke niliyekuwa nakaa naye, ameondoka mwezi uliopita. Alisema naacha kupumua usiku, alisema anaogopa kuamka na maiti. Nikambishia. Kisha nikaiweka simu irekodi. Dokta Tulia amenimulika koo, amenipiga na picha, anasema hakuna nyama, hakuna findo, njia ni nyeupe kabisa. Nilimsikilizisha rekodi. Akaniuliza ni nani huyo anayegonga.

Asubuhi iliyofuata nikakikuta kikombe cha bibi dirishani kwangu, na tangu hapo nimeshakwenda kaburini mara nne. Nimesema yote, kama nilivyoyasema kwako. Kila mara nakiacha kikombe juu ya udongo, na kila mara nikirudi nakikuta kimefika kabla yangu, dirishani, chini ya mabati ya bibi.

Jana rekodi ilifika thelathini na nane. Kikombe bado kimejaa hadi ukingoni.